Vijiko 120 ndani ya saa nne: rota na mzigo usioandikwa kwenye karatasi ya ruhusa

#1 Nesi wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu. Mwenye mtoto mdogo nyumbani, au anayetarajia kumpata, naomba avumilie asome.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa 14 sasa, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Juzi tulimruhusu mtoto wa miezi 10 aliyekaa kwetu siku tatu kwa kutapika na kuharisha. Nikamkabidhi mama karatasi ya ruhusa. Kwenye sehemu ya ugonjwa palikuwa na neno moja: kuharisha. Mama akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akasimama na mtoto begani. Halafu akakaa tena chini. Akaniambia, "Nesi, miguu imekataa, nipe dakika moja." Alikuwa na usiku wa nne bila kulala, kwa maana usiku wa kwanza aliukesha nyumbani kabla ya kuja kwetu.

Nimekaa na ile sura yake siku mbili. Haya aliyoyabeba yule mama yameandikwa wapi?

Kwa wasioifahamu rota: ni kirusi kinachoshambulia utumbo mwembamba. Jina ni la Kilatini, maana yake gurudumu, kwa sababu kwenye darubini ya elektroni kinaonekana cha duara chenye miali kama spoku. Mwaka 1973 Ruth Bishop na wenzake kule Melbourne, Australia, walikiona kwenye vipande vidogo vya utumbo vya watoto waliolazwa kwa kuharisha. Kabla ya hapo watoto wengi wa namna hii walikuwa wanatibiwa bila mtu kujua kilichowapata.

Kabla chanjo haijaja, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshaambukizwa angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka mitano. Nasema kila mtoto, wa nyumba yenye maji safi na wa nyumba isiyo nayo. Marekani kabla ya mwaka 2006 walikuwa wanalaza watoto kati ya 55,000 na 70,000 kila mwaka kwa rota peke yake. Waliokufa kwa rota huko walikuwa kati ya 20 na 60 kwa mwaka. Sasa linganisha na dunia nzima: makadirio ya mwaka 2000 ni vifo 528,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kirusi ni kile kile. Kilichotofautiana ni umbali kati ya mtoto na maji ya kumrudishia yaliyomtoka.

Kinaingia kwa mdomo. Baada ya siku mbili hivi mtoto anaanza kutapika, mara nyingi na homa, kisha anaharisha maji matupu siku 3 hadi 8. Ndani ya utumbo kuna vidole vidogo vidogo vinavyofyonza maji na virutubisho. Rota inaua seli za kwenye ncha za vidole hivyo, na zinahitaji siku kadhaa kuota upya. Katika siku hizo maji yanatoka kwa kasi kuliko yanavyoingia.

Sasa nifike kwenye hesabu iliyonifanya nianzishe uzi.

Mtoto wa kilo 8 aliyeanza kuishiwa maji lakini bado anaweza kunywa, anatakiwa kupewa ORS, yaani ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Hiyo ni mililita 600. Ukimwekea kikombe mdomoni akanywa kwa pupa, anatapika yote. Kwa hiyo unampa kwa kijiko cha chai, na kijiko cha chai ni mililita 5. Mililita 600 ni vijiko 120. Saa nne ni dakika 240. Kijiko kimoja kila dakika mbili, saa nne mfululizo. Akitapika unasubiri dakika 10, unaanza tena polepole zaidi.

Jaribu ukiwa umekaa hapo ulipo. Weka saa mbele yako, kila dakika mbili nyanyua kijiko. Utaanza kuchoka kabla ya nusu saa. Yule mama alikuwa anafanya hivyo saa tisa usiku, mtoto anageuza shingo hataki, nguo imelowa matapishi, na hana wa kumpokea. Kila akisinzia, mkono unashuka na kijiko kinamwagika. Nilikuwa namwona kutoka kwenye meza yangu. Nilimpokea mara mbili, labda dakika 15 kila mara, kwa sababu nilikuwa na watoto wengine 11.

ORS ni miongoni mwa dawa rahisi kuliko zote tulizonazo. Mtu wa kuinywesha ndiye wa gharama, na huyo hakuna anayemlipa.

Naendelea kwenye bandiko lijalo kuhusu upande wa wodi.

#2 Nesi wa Usiku

Upande wetu sisi. Mtoto akifika amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, hapo hakuna kijiko tena. Ni dripu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kiwango ni mililita 100 kwa kilo: 30 za kwanza ndani ya saa moja, 70 zinazobaki ndani ya saa tano. Kwa mtoto wa kilo 8 ni mililita 240 kisha 560. Na unatakiwa urudi kwake kila dakika 15 hadi 30 mpaka mapigo ya mkononi yapate nguvu, maana ukipitiliza au ukichelewa, yote ni hatari.

Lakini kabla ya hapo lazima upate mshipa. Wale ambao hamjawahi kuona, mishipa ya mtoto aliyeishiwa maji inajificha. Unatafuta mkononi, hakuna. Unatafuta mguuni, hakuna. Unaishia kutafuta kichwani, na mama yupo pembeni anaangalia. Nimewahi kupata mshipa wa mtoto baada ya kuchoma mara sita. Alipofika mara ya nne hakulia tena, na muuguzi yeyote atakwambia kuwa ule ukimya ndio unaotisha.

Mtoto mmoja wa hivyo anachukua saa sita za jicho la muuguzi. Msimu wa rota ukifika wanakuja watano, sita, usiku mmoja. Kipindi hicho mtoto mwenye nimonia wa kitanda cha mwisho anapata nini kutoka kwangu? Anapata mabaki. Nayo haiandikwi popote.

Jingine ni kwamba kirusi kinahama kitanda. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto mgonjwa inaweza kuwa na virusi bilioni 10 na zaidi, na chini ya 100 vinatosha kuambukiza. Kinakaa siku nyingi kwenye reli za vitanda na vitasa vya milango. Mtoto amelazwa kwa jambo lingine kabisa, siku ya tatu anaanza kutapika. Hilo ni letu sisi, tumempa sisi, na linauma.

#3 Baba Pacha

Nesi, asante. Nimesoma nikarudi miaka miwili nyuma.

Wangu walikuwa na miezi 13. Kulwa alianza Jumanne, Doto akafuata Alhamisi. Huo mpishano wa siku mbili ndio ulitumaliza, maana wa kwanza alipoanza kupata nafuu wa pili ndiyo alikuwa kileleni. Jumla siku tisa. Mke wangu alilazwa na Doto, mimi nikabaki nyumbani na Kulwa pamoja na mkubwa wao wa miaka sita ambaye wiki nzima hakwenda shule kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpeleka.

Kazi yangu ilikuwa ya kulipwa kwa siku. Usipokwenda hupati. Siku ya nne nilipigiwa simu nikaambiwa kuna mtu mwingine ameshawekwa. Sikumlaumu sana aliyenipigia, naye ana kazi yake. Lakini wakuu, hospitali matibabu ya mtoto yalikuwa bila malipo, na sisi tulitoka na deni lililochukua miezi mitano kuisha. Usafiri wa kwenda na kurudi, nepi, chakula cha mke wangu pale wodini, dawa moja ambayo haikuwepo tukaambiwa tukanunue nje. Vitu vidogo vidogo. Ukiniuliza rota ilinigharimu nini nitakwambia ilinigharimu kazi.

#4 Shangazi

Poleni sana Baba Pacha.

Nesi mwanangu, mimi nimelea sita, wangu wanne na wa marehemu dada wawili. Kwetu mtoto akiharisha umri huo tunasema anaota meno. Hatukuwa tunakimbia hospitali. Hivi ni kweli meno hayahusiki kabisa?

#5 Nesi wa Usiku

Shikamoo shangazi. Meno hayaleti kuharisha maji. Yanakuja umri ule ule ambao rota inapiga zaidi, kati ya miezi 6 na miaka 2, na umri huo huo mtoto anatambaa na kila anachookota kinaingia mdomoni. Kwa hiyo wanakutana njiani na meno yanabeba lawama. Sikulaumu shangazi, mama yangu mzazi alisema hivyo hivyo kwa mwanangu wa kwanza, na mimi wakati huo nilikuwa tayari nimevaa sare ya uuguzi, nikamsikiliza, nikapoteza siku nzima. Kufika jioni mwanangu alikuwa analia bila machozi.

Siku hiyo moja ndiyo inayotuua. Watoto wengi wanaokuja kwetu katika hali mbaya walikuwa wanaweza kunywa kwa kijiko siku moja nyuma.

#6 Mfamasia wa Kona

Niongezee kwa upande wa dirishani kwangu.

Mzazi anakuja: "Nipe dawa ya kufunga tumbo la mtoto." Akikosa hiyo anataka antibayotiki. Rota ni kirusi, antibayotiki haikigusi kabisa, na dawa za kufunga tumbo kwa mtoto mdogo ni hatari. Nikimpa ORS na zinki ananiangalia kama nimemdharau, kwa sababu ni vitu vya bei ndogo na vinafanana na maji ya chumvi. Wengine wanaondoka wanakwenda dirisha la pili, na huko wanapewa wanachotaka.

Naomba niwaeleze jambo moja la historia, kwa sababu linaendana na vijiko vya Nesi. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh, wakimbizi walijazana kwenye kambi ya Bangaon upande wa India na kipindupindu kikaingia. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia maji yenye chumvi na sukari ya glukosi, yakachanganywa kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha kwa vikombe. Vifo vilikuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa, kwa waliopata maji yale vikashuka chini ya asilimia 4. Ule ulikuwa kipindupindu lakini kanuni ni ile ile kwa rota: hata utumbo ulioharibika bado unaweza kufyonza chumvi na maji vikisindikizwa na sukari kwa kipimo sahihi. Ndiyo maana nasisitiza kipimo. Ukiweka maji pungufu kwenye pakiti, mchanganyiko unakuwa mkali na unaweza kumvuta maji zaidi mtoto. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, tumia chombo unachojua ujazo wake.

Zinki nayo wasiidharau: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Inapunguza siku za kuharisha na inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata. Wazazi wengi wanaikatisha siku ya tatu, tumbo likishatulia.

#7 Mama Kitindamimba

Samahani kwa kuingilia, naomba msaada sasa hivi. Mwanangu ana miezi 9. Tangu saa kumi jioni ametapika mara tano na ameharisha maji mara tatu. Nina ORS nimeipata kwa jirani. Niko peke yangu na mtoto, mume yuko safari. Nifanyeje, niende sasa hivi usiku huu au nisubiri asubuhi?

#8 Nesi wa Usiku

Dada, pole. Fanya haya sasa, kisha urudi unijibu.

Mwite kwa jina. Anakuangalia, anakufuata kwa macho? Mpe kijiko kimoja cha ORS. Anakipokea kwa kiu au anashindwa kumeza? Angalia macho, yameingia ndani kuliko kawaida yake? Wewe ndiye unayeijua sura yake. Kisha mlaze chali, bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, pembeni ya kitovu, inyanyue, iachie. Irudi papo hapo. Ikibaki imesimama hata kidogo, ni dalili ya kuishiwa maji. Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini?

Amelegea sana, hawezi kunywa, ngozi inachukua sekunde mbili na zaidi kurudi, anatapika kila kitu unachompa, au kuna damu kwenye kinyesi: usisubiri asubuhi, gonga kwa jirani huyo huyo, nendeni. Na huko njiani endelea na kijiko.

Kama yuko macho na anakunywa: kijiko kimoja kila dakika moja hadi mbili. Kila akiharisha, mililita 50 hadi 100 za ziada. Akitapika subiri dakika 10. Nyonyesha kama kawaida, usimnyime ziwa, na anachokula umpe akitaka kula.

#9 Mama Kitindamimba

Ananiangalia. Ngozi inarudi haraka. Macho naona yameingia kidogo. Amekojoa saa kumi na mbili, kidogo na wa njano sana. Anakipokea kijiko na anakililia kingine.

#10 Nesi wa Usiku

Kiu na macho hayo ni dalili kwamba ameanza kupungukiwa maji. Anza vijiko sasa hivi, usiache, na jirani ajue kabisa kwamba huenda ukamwita. Mimi leo sina zamu, niko macho. Andika hapa kila baada ya saa moja. Hali ikishuka kidogo tu, usiniandikie mimi kwanza, nenda.

#11 Mchanjaji

Dada tuko pamoja nawe, endelea na kijiko.

Mimi niko upande wa chanjo, niseme yangu wakati tunasubiri. Chanjo za sasa za rota, Rotarix na RotaTeq, zilianza kuingia kwenye ratiba za nchi mbalimbali mwaka 2006, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote ziiingize kwenye ratiba. Baadaye zikaja za India, Rotavac na Rotasiil. Zote ni za matone mdomoni. Mexico walianza miaka ya 2006 na 2007, na kufika 2008 vifo vya watoto wadogo kwa kuharisha vilikuwa vimepungua kwa asilimia 35 hivi. Dunia nzima, vile vifo 528,000 alivyotaja Nesi, makadirio ya mwaka 2013 yalikuwa 215,000. Chanjo haikufanya kazi hiyo peke yake, ORS na maji safi vimo, lakini mchango wake ni mkubwa.

Kinachonikera ni kwamba kuna mtoto anafika kliniki na harudi nayo. Kwa kawaida chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi muda wote. Zile ambazo kila dozi ina kichupa chake zinakula nafasi kwenye jokofu, na majokofu mengi yalinunuliwa kabla ya chanjo hizi kuwepo. Umeme ukikatika usiku na hakuna aliyegundua mpaka asubuhi, boksi zima liko mashakani. Nimewahi kumwambia mama aliyetembea tangu alfajiri arudi wiki ijayo. Hakurudi. Simlaumu.

Na kuna waliokataliwa kwa umri. Zamani mwongozo ulikuwa dozi ya kwanza kabla ya wiki 15 na ya mwisho kabla ya wiki 32. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lililegeza, kwamba mtoto aliyechelewa asinyimwe, mwisho ni miezi 24. Dozi ya kwanza bado inashauriwa mapema iwezekanavyo baada ya wiki 6. Ratiba za nchi zinatofautiana, kwa hiyo muulize mhudumu wako kabla ya kukata tamaa.

#12 Msoma Tu

Naomba kuuliza bila kushambuliwa. Nilisoma kwamba chanjo ya rota iliwahi kuondolewa sokoni kwa kujikunja utumbo wa watoto. Mbona hapa hamlisemi?

#13 Mchanjaji

Swali halali kabisa, na ni kosa letu tukilikwepa.

Ni kweli. Chanjo ya kwanza, RotaShield, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 1999 ikasimamishwa, ikaondolewa, baada ya kuonekana watoto wanapata hali ambapo kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kingine, kama mkono wa shati unavyojiingiza ndani ukiuvua vibaya. Ilikadiriwa mtoto mmoja kwa kila 10,000 waliochanjwa. Rotarix na RotaTeq zilizofuata zilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja, makusudi kabisa ili kulitafuta tatizo hilo kabla ya kuidhinishwa.

Zilipoanza kutumika kwa mamilioni, hatari ndogo ilionekana kwenye baadhi ya nchi, kati ya mtoto mmoja kwa 20,000 na mmoja kwa 100,000, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya kwanza au ya pili. Uchunguzi uliofanyika katika nchi 7 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2018, haukuona ongezeko baada ya Rotarix. Mzazi ajue dalili: kilio cha ghafla kinachokuja na kuondoka huku mtoto anakunja miguu tumboni, matapishi ya kijani, kinyesi chenye damu na makamasi. Ukiona hivyo, umechanja au hujachanja, kimbia hospitali.

Wangu watatu wote wamepata matone. Niliyajua haya yote kabla ya kuwapa.

#14 Msoma Tu

Asante kwa kunijibu kama mtu mzima. Nilikuwa nimemrudisha wangu nyumbani bila dozi ya pili. Nitampeleka.

#15 Baba Pacha

Wangu walichanjwa wote wawili na wakaugua hivyo hivyo. Hilo ndilo sijawahi kulielewa.

#16 Mchanjaji

Baba Pacha, inatokea, na ni haki uelezwe. Kwenye nchi tajiri chanjo inazuia rota kali kwa asilimia 85 na zaidi. Kwenye nchi maskini inashuka. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 Malawi, katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Sababu zinazotajwa ni kinga anayopewa mtoto na mama inayodhoofisha matone, lishe duni, na utumbo ambao tayari una maambukizi mengine.

Lakini angalia hapa. Majaribio hayo hayo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa kwa mwaka, Malawi ilizuia matukio makali 6.7 na Afrika Kusini 4.2. Asilimia ndogo, watoto wengi zaidi walioepushwa na wodi, kwa sababu ugonjwa wenyewe Malawi ulikuwa mwingi zaidi. Na hata anayeugua baada ya chanjo, mara nyingi anaugua kwa unafuu. Asili yenyewe inafanya kazi hivyo: watoto 200 waliofuatiliwa Mexico tangu kuzaliwa, waliokwisha kuambukizwa mara mbili hawakupata tena kuharisha kwa kiwango cha kati wala kikali. Matone yanajaribu kumpa mtoto hayo maambukizi mawili bila kitanda cha wodi.

#17 Mama Kitindamimba

Saa ya kwanza imepita. Ametapika mara moja tu, nikasubiri dakika 10 kama ulivyosema. Nimehesabu vijiko 23. Mkono unauma.

#18 Nesi wa Usiku

Vijiko 23 ni vyema sana dada. Badilisha mkono. Mlaze kwenye paja la pili, egemeza mgongo wako ukutani.

#19 Mtunza Kumbukumbu

Nafanya kazi ya takwimu za wagonjwa, nijibu swali la kwanza la Nesi, yanaandikwa wapi.

Hayaandikwi. Rota inathibitishwa kwa kupima kinyesi maabara, na vituo vingi havina kipimo hicho, tena matibabu hayabadiliki hata ukikijua kirusi. Kwa hiyo mtoto anaingia kwenye fomu yangu kama "kuharisha", pamoja na wote walioharisha kwa sababu nyingine. Idadi ya rota tunaipata kwenye hospitali chache zilizochaguliwa kupima kila mtoto anayelazwa. Kabla ya chanjo, hospitali hizo zilikuwa zinaona kwamba theluthi moja au zaidi ya watoto waliolazwa kwa kuharisha wana rota. Mtoto aliyetibiwa nyumbani kwa vijiko hayumo. Kazi ya Baba Pacha haimo. Mkubwa wake aliyekosa shule wiki nzima hayumo. Fomu ina safu za umri, jinsia, siku za kulazwa na matokeo. Basi.

Ubaya wake unakuja wakati wa bajeti. Mezani inawekwa bei ya chanjo, ambayo inajulikana hadi senti, na ng'ambo ya pili zinawekwa siku za kulazwa. Upande wa pili unaonekana mwepesi kwa sababu nusu yake haijapimwa. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Hakuna mwenye nia mbaya, watu wanaamua kwa kilichopo kwenye karatasi.

#20 Shangazi

Mimi nimebaki na hilo la marehemu. Dada yangu alikuwa na mtoto wa tatu. Miezi 11. Tulisema meno. Nimewahi kujiuliza miaka yote hii, leo nimejua.

#21 Nesi wa Usiku

Shangazi. Pole sana. Wakati ule hamkuwa na mtu wa kuwaambia, na mlifanya mlilolijua kwa upendo. Nitakutafuta faragha, tuongee.

#22 Mama Kitindamimba

Saa nne zimetimia. Vijiko 104, vingine vilimwagika. Hajatapika saa mbili na nusu zilizopita. Amenyonya vizuri. Sasa hivi amekojoa mpaka nguo imelowa yote, nimelia peke yangu hapa.

#23 Nesi wa Usiku

Mkojo huo ndio tulikuwa tunausubiri. Macho yake yakoje sasa? Bana ngozi tena, kisha uniambie.

#24 Mama Kitindamimba

Ngozi inarudi haraka. Macho yamerudi kuwa yake. Amelala, anapumua vizuri.

#25 Nesi wa Usiku

Mwache alale lakini mweke karibu nawe. Ataendelea kuharisha siku kadhaa, usishtuke, kila akiharisha mpe zile mililita 50 hadi 100. ORS uliyochanganya ikifikisha saa 24 imwage, changanya nyingine. Nepi ukibadilisha nawa kwa sabuni kwa kusugua, na jirani akimshika naye anawe, hasa kama ana mtoto mdogo. Asubuhi mpeleke kituoni wamwangalie, na uombe zinki: miligramu 20 kila siku mpaka siku ya 10, hata kama tumbo limetulia. Beba kadi ya kliniki, Mchanjaji atakuambia kama kuna dozi aliyokosa.

Na jirani akiamka, mpe mtoto amshike saa mbili ulale.

#26 Mama Kitindamimba

Jirani amegonga sasa hivi mwenyewe. Nimempa.